Unga Uliopita Tanurini

Effie Skiffington alikuwa na desturi ya kuonja hewa kabla hajafungua chupa. Alisimama kwenye mlango wa stoo ya kemikali, chini kabisa ya jengo la chuo, akatoa ncha ya ulimi kidogo, akafikiri, kisha akatoa hukumu. Akisema "Leo hapana," basi hata profesa aliyeshuka ngazi tatu na bakuli mkononi alizipanda tena mikono mitupu.

"Effie, mimi nataka gramu hamsini tu."

"Ukungu hauulizi gramu ngapi, kipenzi. Njoo kesho."

Kila mtu kwake alikuwa kipenzi: profesa, fundi bomba, mleta barua, na mimi niliyeosha vyombo vya kioo chumba cha pili kwa miaka minne. Nimefanya vibarua katika bandari nyingi, na nimeona stoo za kila namna, zenye panya na zenye kamera. Sijaona iliyotunzwa kama ile ya Effie pale St. John's, mji ambao ukungu huingia mpaka ndani ya soksi.

Wala hakuwa na vitu vya kutisha. Sumu na vinavyolipuka vilikuwa na chumba chao ghorofa ya juu, na bwana wao mwenye cheti ukutani. Effie alipewa unga mpole: chumvi, sukari za maabara, na bikaboneti ile ile ambayo mpika maandazi anaijua. Watu huheshimu kinachoua. Kumfanya mtu aheshimu kisichoua ni kazi nyingine kabisa, maana hakuna hofu ya kukusaidia.

Aliifanya kwa mkono na kwa mdomo. Kijiko kikavu, na kila chupa na kijiko chake. Kifuniko kirudi kabla hujahesabu kumi. Ukimwaga, usipulize, chukua kitambaa chenye unyevu, upanguse taratibu, la sivyo vumbi litakufuata machoni. Juu ya lebo andika siku ilipofika na siku ilipofunguliwa. Na ukichota zaidi ya haja yako, ziada hairudi chupani hata iwe safi kama theluji.

"Imeshaona dunia hiyo," alikuwa akisema. "Isirudi kuwafundisha wenzake."

Wakati wa kupima, macho yakiwa kwenye mizani, ndipo alipokuwa akizungumza habari za Offer Bight. Sijui kwa nini wakati huo. Labda kwa sababu anayepima hawezi kukutazama usoni.

Offer Bight ilikuwa kijiji cha nyumba kumi na tisa kwenye kisiwa, upande wa ghuba ya Bonavista. Watu wake walivua chewa, wakawatia chumvi na kuwaanika juu ya chanja mpaka wawe ng'onda. Kisha serikali ikasema: huko hakuna daktari, mwalimu hakai, hameni, wote mkikubali, kila nyumba italipwa. Baba yake Effie alitia sahihi wa mwisho. Mwaka 1966 wanaume wakaifunga nyumba yao kamba, wakaivuta mpaka ufukweni huku wakiimba, wakaipachika mapipa matupu ubavuni, na mashua mbili zikaikokota maili kumi na moja mpaka bara. Effie alikuwa na miaka sita. Alikaa kwenye mashua ya nyuma akiliangalia dirisha la chumba chake likienda juu ya maji, na paka wao amelala dirishani kama abiria aliyelipa nauli.

Nyumba hiyo ipo hadi leo. Anaishi humo kaka yake, Hedley. Kwa hiyo Effie hakuwa na haja ya kuota nyumba ya utotoni. Angeweza kwenda Krismasi yoyote akanywa chai ndani yake. Alichokitamani ni pale ilipotolewa. Alitaka kusimama penye lile pengo.

"Nikiwa jikoni kwa Hedley," aliniambia siku moja, kijiko kikitetemesha punje za mwisho juu ya mizani, "nikichungulia nje naona kituo cha mafuta. Ni dirisha lile lile. Zamani lilikuwa linaona kitu kingine. Nimesahau nini."

"Bahari, bila shaka."

"Wote husema bahari. Mimi sina hakika."

Watu wa Offer Bight walirudi mara tatu kwa mkutano wa wenyeji: wanapanda mashua, wanafyeka makaburi, kasisi anasoma, wanakula, wanalala kwenye mahema, wanarudi kesho yake. Mara mbili za kwanza Effie hakwenda. Mwezi Juni mwaka ninaousimulia, Hedley alimpigia simu kazini. Nilikuwa natandaza chupa zikauke, na sauti ya Hedley, mtu aliyezoea kupiga kelele kushinda injini, ilinifikia bila kualikwa.

"Jumamosi ya pili ya Julai. Saa moja asubuhi mashua inang'oa nanga. Na nikirudi naiuza."

"Unaiuza kwa nini?"

"Magoti, Effie! Nina miaka sabini. Mimi ndiye niliyebaki ninayejua nyumba ilikuwa wapi. Ukitaka kuonyeshwa, ni safari hii. Baadaye nenda kamuulize kunguru."

"Nitakuja."

"Mara ya kwanza ulikuwa na jino. Mara ya pili ulisema mvua. Mvua! Wewe uliyezaliwa ndani ya wingu!"

"Nimesema nitakuja, Hedley."

Alipokata simu alibaki ameushika mkono wa simu kifuani. Kisha akaniambia, kama anayeomba ruhusa, kwamba angeondoka Ijumaa saa sita mchana.

Juni hiyo ukungu ulikaa siku kumi na tisa bila kuondoka, na katikati yake mashine ya kukausha hewa ya stoo ikafa. Unga ulianza kushikana. Effie aliingia na kutoka akigonga chupa kwa kucha, akisikiliza: unga mkavu husema hivi, wenye mabonge husema vile. Akafanya wafanyavyo watu wa ukungu. Kitu kikishika maji, kianike. Jua halipo, tanuri lipo. Akatandaza unga kwenye sinia, sinia baada ya sinia, akayalaza usiku kucha katika tanuri la kukaushia vioo, ambalo moto wake unapita ule wa maji yanayochemka.

Chumvi haidhuriki kwa hilo. Na nyingine nyingi hazidhuriki. Bikaboneti ndiyo isiyovumilia. Ukiipasha moto hivyo hutoa pumzi yake na maji yake, na kinachobaki si yenyewe tena; ni jamaa ya magadi yale mama zetu hulainishia maharage, mkali kuliko yeye, mweupe kama yeye, na jicho haliwezi kuwatofautisha. Effie alilijua jambo hilo miaka thelathini na moja. Kadi ya onyo juu ya rafu ilikuwa mwandiko wake mwenyewe: iwe kavu, iwe baridi, mbali na moto. Lakini sinia la bikaboneti liliingia tanurini pamoja na mengine jioni iliyofuata simu ya Hedley. Mikono ilikuwa St. John's, na mwenyewe alikuwa kisiwani.

Hata mizani ilimwambia, naye hakuisikia. Kilo tatu ziliingia, kilo mbili kasoro kidogo zikatoka. Yeyote mwingine angeshtuka. Lakini Effie alikuwa mtoto wa chanja: samaki aliyekauka vizuri hupoteza uzito, na kadiri anavyopoteza ndivyo mwanikaji anavyosifiwa. Aliniita nione.

"Tazama, kipenzi. Theluthi nzima ilikuwa maji!" Alifurahi kweli. Akaijaza kwenye chupa ndogo kumi na moja, akabandika lebo, akazigawa kwenye vyumba.

Alhamisi, siku moja kabla ya safari, alishuka Leona Quinton, mwanafunzi aliyekuwa akilea vifaranga wa samaki ghorofa ya pili. Kila jioni alitia kipimo cha bikaboneti ndani ya maji yao. Alikuwa na macho mekundu na chupa mkononi.

"Wamekufa," alisema. "Tangi zima. Asubuhi nimewakuta wanaelea kama wali."

"Pole, mwanangu. Kaa."

"Nitakuwa nimekosea kupima jana, nilipofungua chupa hii. Kipimo cha maji kilisoma juu sana, nikadhani kifaa kimeharibika, nikakipuuza. Profesa anasema mimi mzembe, na nisipookoa tangi la pili, lile la mayai, nifunge virago. Nimekuja tu kurudisha chupa."

Effie aliichukua chupa ile, akasoma tarehe kwenye lebo. Nilimwona akiisoma mara ya pili. Akachota unga kidogo kwa ncha ya kijiko, akauyeyusha ndani ya maji baridi, akadondosha tone moja la kiashiria, yale maji tuliyotumia sote shuleni. Bikaboneti nzima ingeyaacha karibu meupe. Yaligeuka waridi kali, waridi la khanga mpya.

Leona hakuwa amemtazama. Alikuwa anapenga kamasi. Effie angeweza kabisa kuyamwaga maji yale kwenye sinki. Nilikuwa hapo, na nakiri kwamba nusu yangu ilimwomba ayamwage, maana begi lake la safari lilikuwa tayari nyuma ya mlango.

"Leona," alisema. "Hukukosea kupima."

"Nini?"

"Unga huu niliupitisha tanurini. Mimi. Si bikaboneti tena. Wewe ulipima sawasawa kitu kisicho sawa."

Leona alisimama. "Effie! Wiki kumi na moja! Wiki kumi na moja nimeamka nao saa kumi alfajiri!"

"Najua."

"Wewe ndiye uliyenipigia kelele mwaka jana kwa kijiko chenye maji! Kijiko! Mbele ya watu!"

"Nilikupigia."

"Sasa mimi nikupigie wewe au vipi?"

"Piga, mwanangu. Halafu twende wote kwa profesa wako nikamwambie, kisha nikufungulie chupa ambayo haijaguswa, na niipime mbele yako."

Leona alipiga kelele kidogo, kisha akaishiwa. Walipanda pamoja. Aliporudi, Effie alikuwa ameandikiwa barua ya onyo, jambo ambalo halikuwahi kumpata. Alichukua ndoo akaanza kuzikusanya chupa, mlango kwa mlango, akiomba radhi kila mlango. Ijumaa saa tano asubuhi zilikuwa kumi. Mbili zilikuwa hazijafunguliwa. Moja ilikuwa imetumika kusafishia kikombe cha kahawa.

Ya kumi na moja ilikuwa na jina la Garfield Noseworthy, na Garfield alikuwa baharini kwenye mashua ya utafiti, ambako simu haikushika. Angetia nanga Jumamosi mchana na samaki wake wazima, na kama kawaida yake angewatayarishia maji hapo hapo gatini.

"Bandika karatasi mlangoni kwake," nilisema.

"Garf hasomi karatasi. Hasomi hata lebo."

"Basi mimi nitamsubiri gatini. Nenda. Saa sita hiyo."

Akanitazama. "Wewe ndiye uliyeutia tanurini?"

"Hapana."

"Basi."

Alimpigia Hedley. Safari hii sauti ya upande wa pili haikupanda. Nilisikia tu upande wa Effie: "Unga… Ndiyo, unga, Hedley… Si jino… Najua ni ya mwisho… Najua." Kisha akasikiliza kwa muda mrefu, akasema, "Basi nitazamie vizuri," akakata.

Mpaka leo sijui kama ulikuwa uaminifu mtupu. Mtu anaweza kutamani mahali miaka mingi mpaka mahali penyewe pakaanza kumtisha. Nimekutana na wengi wa namna hiyo, na kwa baadhi ya miji mimi mwenyewe ni mmoja wao. Lakini nilimwona asubuhi ile ya Jumamosi, saa moja kamili, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa gatini St. John's, anatazama saa ya mkononi. Midomo yake ilisema kitu. Nadhani alikuwa akizihesabu kamba zikifunguliwa kule.

Garfield alichelewa kwa ukungu. Alitua saa kumi na moja jioni, mtu mnene mchangamfu mwenye ndevu zenye magamba.

"Effie! Umekuja kunioa hatimaye?"

"Chupa yako ya bikaboneti ya Juni, Garf. Iko wapi?"

"Ya Juni?" Alikuna ndevu. "Sikuichukua mashuani. Nina ya Mei, bado nusu. Ile ya Juni… aa, niliiacha nyumbani kwenye mfuko wa koti. Mke wangu alisugulia sinki kabla sijasafiri. Amenituma niulize kama ipo nyingine, anasema hajapata kuona sinki likang'aa vile."

Nilicheka, kwa bahati mbaya. Effie hakucheka.

"Kitu cha maabara hakiendi nyumbani, Garfield."

"Si bikaboneti tu, jamani!"

"Hakiendi nyumbani." Aliokota ndoo yake. "Hata kama ni chumvi. Hata kama ni maji. Unaleta chupa hiyo Jumatatu, tupu au imejaa."

Garfield alinitazama kuuliza amekosa nini.

Jumapili asubuhi nilimpeleka mimi kwa gari. Ni mwendo wa saa nne mpaka kwa Hedley, barabara katikati ya misonobari mifupi na vidimbwi vyeusi, na katika saa hizo nne alisema mambo mawili: kwamba mayai ya tangi la pili la Leona yalikuwa yameanguliwa na vifaranga walikuwa wanakula, na kwamba niendeshe polepole, hakuna tunachokiwahi.

Mashua iliingia saa tisa. Waliokuwamo walikuwa wamechoka, nyuso zimeungua, nyasi zimewanata kwenye suruali. Walimkumbatia Effie mmoja mmoja, wakamwambia ameikosa siku nzuri, kulikuwa na jua tupu. Hedley alitoka wa mwisho, akipanda ngazi ya gati, goti moja baada ya jingine. Hakumkumbatia. Alisema, "Chai," akatangulia.

Ndani, alitia maziwa ya kopo kwenye vikombe vitatu, akaweka mkate mweusi wa asali ya miwa juu ya meza. Dirisha la jikoni lilionyesha kituo cha mafuta, na mtu akijaza upepo tairi. Effie alisubiri mpaka Hedley akae.

"Haya."

Hedley alizungusha kikombe chake. "Sikuiona."

"Hukuona nini?"

"Mahali petu. Miti, Effie. Miti imemeza kila kitu. Nilizunguka kwa saa tatu na panga kama mwizi. Makaburi yapo, tumeyafyeka. Msingi wa kanisa upo. Kwetu… nilisimama mahali nikasema, ni hapa. Nikaenda hatua ishirini nikasema, la, ni hapa." Akakiweka kikombe. "Ningekupeleka ungenicheka. Miaka yote nakutambia kwamba ni mimi ninayejua."

Effie hakumcheka. Alisukuma sahani ya mkate kando, akaweka kijiko mezani, akaweka kisu kando yake.

"Hili gati. Huyu ndiye wewe, unashuka. Mkono wa kulia kuna nini?"

"Kulia kuna jiwe kubwa. La kina Pardy."

"Jiwe la kina Pardy lilikuwa kushoto."

"Kulia, bibie! Nimetoka huko leo!"

"Leo umekuta miti. Mimi nililikalia jiwe lile nikichubua viazi, na jua la asubuhi lilikuwa hapa," akajigusa shavu. "Endelea. Ukapita jiwe."

"Wewe ulikuwa na miaka sita."

"Na wewe ulikuwa na kumi na saba, macho yako yote kwa mabinti wa upande wa pili. Ukapita jiwe. Kisha?"

Hedley alivuta kikombe changu bila kuniomba, akakiweka penye kanisa.

"Kisha njia inapanda," alisema.

"Inapanda. Upande gani?"